Pindua Uyoga Kwanza, Jina Baadaye

Juzi nimetumiwa picha ya uyoga wa njano, laini, umevimba juu ya gogo huko msitu wa Mabira, Uganda. Chini yake jina limeshaandikwa: Tremella mesenterica. Programu ya simu imesema, basi. Hakuna aliyeuliza gogo lenyewe ni la mti gani.

Hili linaniudhi kwa dhati. Tremella mesenterica haili mti. Inamla uyoga mwingine, Peniophora, unaojibandika kwenye matawi yaliyokufa, na wakati mwingine mwenyeji huyo amejificha ndani ya ganda. Bila kumtafuta, huna ushahidi. Tena tunayo Dacryopinax spathularia, nayo ya njano, inayokula mti wenyewe na kuota hata kwenye mbao za uzio. Pichani unaweza kuzichanganya. Chini ya hadubini hazichanganyiki: seli zinazobeba vijimbegu vya Dacryopinax zina panda mbili kama manati, za Tremella zimegawanyika kwa wima.

Nakubali, programu inakufikisha karibu. Inakutoa kwenye uyoga wote wa dunia mpaka kwenye kundi la hizi za utelezi. Ikiishia hapo, sina ugomvi nayo.

Lakini angalieni ule wa kahawia wenye umbo la sikio. Watu wanauita Auricularia auricula-judae, na huo ni wa Ulaya! Huku kwetu kwenye joto kuna wengine, Auricularia cornea mmojawapo. Upindue, upitishe kidole gumba mgongoni: cornea ana manyoya mengi. Jamaa za Auricularia delicata upande wa pili wana mikunjo ya wavu. Kamera iliyopiga kutoka juu itayaonaje hayo?

Mama zetu Buganda hawachanganyi obubaala, uyoga mdogo wa kichuguu, na obutiko (uyoga) bwingine. Wanajua kichuguu, wanajua mvua ipi imenyesha. Elimu hiyo tunayo nyumbani, tunaiacha tukifika msituni.

Kuhusu kula: usile usichokijua. Kuhusu kukata mti kwa sababu una uyoga wa sikio: masikio haya huota zaidi kwenye mti au tawi lililokwisha kufa, yaacheni.

Ninachoomba ni kipande kimoja ndani ya bahasha ya karatasi, si kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Uyoga wa sikio hukauka ukawa mgumu, ukiutia maji unavimba tena, unachunguzika. Andika juu ya bahasha: mti gani, mzima au mfu, mahali, tarehe.