Ukocha wa jimu hauanzii kifuani

Vijana wengi wanaonifuata wakitaka kuwa makocha wa mazoezi huanza kwa kunionyesha mkono. Anakunja ngumi, msuli unapanda, kisha anauliza aanzie wapi. Siwalaumu, maana nami niliingia kwa mlango huohuo. Nilinyanyua vyuma miaka sita kwenye jimu ya uani huku Temeke, na hivyo "vyuma" vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Mwili ulipojaa, mwenye jimu moja ya mjini akaniona, akanipa fulana iliyoandikwa KOCHA mgongoni, na kesho yake nikakabidhiwa wateja. Hakuna aliyeniuliza nimesoma wapi. Hata mimi sikujiuliza.

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuwa mama wa miaka 58, mwalimu mstaafu, aliyetaka kupunguza uzito. Nilimwamkia, nikampima kilo, nikamuuliza lengo lake, basi. Kichwani nilikuwa na kanuni niliyoiokota mtandaoni: chukua 220, toa umri, unapata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa dakika, kisha mfanyishe mtu mazoezi kwenye asilimia 70 ya hapo. Kwake yeye ilikuja 162, na asilimia 70 yake ni kama 113. Nikamvalisha saa ya kupima mapigo, nikampandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Mapigo yakafika 88, yakagoma. Nikaongeza mwinuko. 91. Nikaongeza kasi. 94. Macho yangu yalikuwa kwenye saa, wala si usoni kwake, na moyoni nilikuwa nasema huyu mama anategea. Aliposema, "Mwanangu, naona giza," mkono wake ulikuwa umeshaachia kishikio.

Nilimdaka. Tulipomkalisha aliomba pochi yake, na ndani yake nikaona dawa zake za presha. Atenolol. Dawa ya aina hiyo inauzuia moyo usiende mbio, ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mapigo 94 kwa mama yule yalikuwa jasho na pumzi ya mtu aliyekwisha kufika mwisho, na mimi nilikuwa namkimbiza aifikie namba ambayo dawa yenyewe isingemwachia aifikie. Alipata nafuu, binti yake akaja kumchukua. Usiku ule sikulala.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma kazi hii kwa utaratibu, nilikutana na fomu ya kumhoji mtu kabla hajaanza mazoezi, inayoitwa PAR-Q, iliyotungwa Kanada. Ina maswali saba tu. Je, daktari amewahi kukwambia una tatizo la moyo? Je, kifua kinakuuma ukifanya kazi nzito? Umewahi kupata kizunguzungu ukaanguka, au kupoteza fahamu? Una kiungo au mfupa unaoweza kuharibika zaidi ukifanya mazoezi? Swali la sita ndilo lililonifanya nifunge kitabu kwa muda: je, unakunywa dawa za presha au za moyo kwa maagizo ya daktari? Jibu likiwa ndiyo, mteja anamwona daktari kwanza. Swali lisilochukua hata nusu dakika. Ningeliuliza, angemwona daktari kwanza, kisha ningeachana na saa nikatumia kipimo cha mdomo, yaani mtu afanye kazi kwa kiwango ambacho bado anaweza kuongea nawe sentensi nzima. Pumzi ikikatika katikati ya maneno, punguza.

Ndiyo maana naamini, na nitalisema hili popote, kwamba kusomea ukocha ni kujifunza kumuuliza mtu na kumtazama. Aina za mazoezi utazijua tu, hata simu itakuonyesha. Simu haitakuonyesha goti la mteja linaloingia ndani anapochuchumaa, wala haitakwambia kuwa mtu mwenye presha akibana pumzi huku anasukuma chuma, presha inapanda ghafla palepale.

Sasa vyeti. Vinavyotajwa sana kwetu ni vya mashirika ya Marekani: ACE, NASM, ACSM, NSCA. Mtihani wa ACE una maswali 150 kwa saa tatu, wa NASM una maswali 120 kwa saa mbili, na vyote viwili vinakutaka uwe na cheti cha kufufua mtu aliyesimama moyo. Ukifaulu hujamaliza, kila baada ya miaka miwili unaonyesha umeendelea kusoma ndipo cheti kihuishwe. Uingereza wana ngazi: ya pili ya mwelekezaji wa jimu, kisha ya tatu ya kocha binafsi. Nimesoma vitabu hivyo na ninaviheshimu. Shida yangu ni kwamba vinalipiwa kwa dola, mamia ya dola, na vimeandikwa kwa Kiingereza cha darasani. Kijana wa Mbagala mwenye jicho zuri la kazi anabaki nje. Akitafuta njia ya mkato anaangukia kozi za wikendi, ambako siku mbili zinatosha kupata karatasi yenye muhuri wa dhahabu bila kumgusa mtu hata mmoja. Kozi hizo zinaniudhi kuliko kutokuwa na cheti kabisa, kwa sababu mteja akiiona karatasi ukutani anaacha kuuliza maswali.

Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunzia kazini: anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti chake. Seremala na mpishi wamepita hapo. Nataka kocha wa jimu naye apimwe hivyo, kwa Kiswahili, kwa sababu mteja wake atamwambia "kifua kinabana" kwa Kiswahili.

Kwa anayeanza leo, nasema asisubiri hilo. Anza na huduma ya kwanza; Msalaba Mwekundu wanafundisha. Ujue kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, mpaka mikono ikuume. Kisha soma mwili, misuli na viungo, taratibu, hata mwaka. Mtafute kocha mzoefu umwombe usimame pembeni yake bila kulipwa, utazame anavyozungumza na watu. Vijana hawapendi kusikia hili, wanataka mteja kesho. Mwili wa mtu haujaribiwi.

Ningepewa kutunga mtihani wa vitendo, chumba kingekuwa na kiti, meza na mama wa miaka 58 mwenye pochi mapajani. Mtahiniwa anaingia. Msimamizi anahesabu dakika tu, aone itachukua ngapi kabla hajamuuliza mama anakunywa dawa gani. Akimpeleka kwenye mashine kabla ya hapo, arudi mwakani.