Kama Huioni, Sema Huioni

Marubani wa wikendi tukikutana Wilson, kiwanja cha ndege cha Nairobi, kunywa chai baada ya kuegesha ndege, malalamiko huwa yale yale. Mnara wa kuongozea ndege umetuzungusha bure. Mwongozaji anaongea kasi kama anayenadi mitumba. Ndege za abiria zinapitishwa kwanza, na sisi wenye vijindege vya injini moja tunabaki tukiunguza mafuta. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini lipo ambalo hatulitaji, na kwa maoni yangu ndilo la kuogopwa kuliko yote: tunaambiwa kuna ndege mbele yetu, hatuioni, na tunajibu kwamba tumeiona.

Wengi wetu tulianza kuruka tukiamini kwamba ukishaingia kwenye anga inayodhibitiwa kuna mtu anakulinda. Sivyo. Katika aina nyingi za anga hiyo, rubani anayeruka kwa kutumia macho haahidiwi kutenganishwa na mwenzake anayeruka vivyo hivyo. Anachopewa ni taarifa: ndege iko upande gani, inaelekea wapi, iko futi ngapi. Kuikwepa ni kazi yake. Akishajibu kwamba ameiona, mwongozaji anahamia kwa mwingine, maana ana wengi wanaomngoja.

Tukio ambalo kila mwanafunzi wa urubani angepaswa kulisoma ni la San Diego, Marekani, Septemba 25, 1978. Boeing 727 ya shirika la PSA ilikuwa inakuja kutua, anga safi. Mbele yake kulikuwa na kijindege, Cessna 172, chenye mwalimu na rubani aliyekuwa akijifunza kuruka kwa vyombo, yaani bila kutegemea kuona nje. Marubani wa Boeing waliarifiwa kuhusu Cessna, wakasema wameiona. Kisha ikawapotea. Wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe kama wameshaipita, lakini hawakumwambia mwongozaji waziwazi kwamba hawaioni tena. Cessna nayo ilikuwa imeacha mwelekeo iliopewa, bila kumjulisha mtu. Zikagongana. Watu 144 walikufa, saba kati yao wakiwa ardhini. Waliokuwa kwenye Boeing hawakuwa wanagenzi, ni marubani wa kulipwa, na ndege zote mbili zilikuwa zikizungumza na waongozaji.

Hapa nyumbani tunayo ya Machi 5, 2024. Ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani na Cessna 172 ya mafunzo, zote kutoka Wilson, ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi na kutua salama ikiwa na watu 44. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Simtwiki mtu lawama. Nataka tu wenzangu wakumbuke kwamba ilikuwa asubuhi, karibu na kiwanja tunachokijua kila kona.

Macho yetu hayana uwezo tunaoyadhania. Chukua Cessna inayokwenda noti 110 (maili za baharini kwa saa) ikikabiliana uso kwa uso na ndege ya noti 170. Zinakaribiana kwa zaidi ya kilomita nane kwa dakika. Ukiiona ikiwa kilomita mbili mbele, una kama sekunde 14. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inakadiria kwamba tangu rubani aone kitu, atambue ni ndege, aamue, avute usukani na ndege yake iitikie, hupita sekunde 12.5. Piga hesabu ya kinachobaki. Halafu ndege iliyo kwenye mkondo wa kukugonga haisogei kwenye kioo chako. Inakaa palepale kama doa la uchafu, na jicho la binadamu linavutwa na kinachosogea. Cessna yetu ina bawa juu, kwa hiyo ukilaza kukata kona, bawa linafunika upande uleule unaougeukia.

Vifaa vinasaidia. Ninayo tableti inayonionyesha ndege zilizo karibu, na siku hizi siruki bila hiyo. Ila inaonyesha tu zile zinazotangaza mahali zilipo. Wapo pia wanaojituliza kwamba ndege kubwa zina mtambo wa kuepusha migongano. Mtambo huo unategemea transponda yako, kifaa kinachojibu mawimbi ya rada, iwe imewashwa na inatuma kimo, na chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini haumwamuru rubani apande wala ashuke. Hapo ndipo sisi tunapozungukia.

Basi kwa nini tunadanganya? Aibu, hasa. Masafa ya mnara yanasikika na watu wote, wakiwemo wale utakaokunywa nao chai. Ukiomba maelezo yarudiwe, kuna mzaha utakufuata hadi klabuni. Mwongozaji naye anaweza kukukemea mbele ya kadamnasi, na nyuma yako kuna ndege ya Caravan yenye watalii wa Maasai Mara wanaosubiri. Mtu mzima, mwenye kampuni yake huko mjini, anageuka mtoto wa shule mbele ya kipaza sauti.

Kuna wanaopendekeza wanafunzi na sisi wa kujifurahisha tuhamishwe kabisa kutoka Wilson. Kupunguza mizunguko ya mazoezi saa ambazo ndege za safari zinaondoka, naunga mkono. Kuhamishwa moja kwa moja sikubali. Rubani aliyelelewa kwenye kiwanja kisicho na mnara atakuja siku moja kuhitaji kutua penye mnara, na atakuja akiwa na uoga maradufu.

Ninachotaka kifundishwe mapema, kabla hata ya mwanafunzi kuruka peke yake, ni kukataa. Kanuni za kimataifa zinampa rubani kiongozi neno la mwisho kuhusu ndege yake. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, na mchana wa jua kali Cessna yako inapumua hewa kama iliyo futi 8,000. Ukiambiwa upande upesi, na ndani mmekaa wanne na matangi yamejaa, hauna huo upesi. Mwambie mnara huwezi, ili atafute njia nyingine ungali na nafasi. Ukiambiwa ufuate ndege iliyo mbele na huioni, sema huioni, na useme tena akikuuliza mara ya pili kwa sauti ya kuchoka. Atakuongezea umbali wa kwenda kabla ya kukata kona, au atakuzungusha mara moja. Mzunguko wa kawaida huchukua dakika mbili.

Walimu nao wana sehemu yao. Nimewasikia wakimjibia mwanafunzi redioni kwamba ndege imeonekana, ilhali mwanafunzi bado anakodoa macho kulia na kushoto. Mwacheni aseme haioni. Mnara usipopenda, mwalimu ndiye achukue kipaza sauti na kujibu hayo.

Mimi hata abiria wangu huwapa kazi kabla hatujawasha injini. Anayeona ndege anyooshe kidole, asingoje nimalize kuongea. Shemeji yangu hunionyesha hadi korongo, na sijawahi kumkataza.