Shairi kwenye somo la hesabu: mizani zinasaidia wapi, zinapotosha wapi

Walimu wa chekechea na wa darasa la kwanza wanaopenda mashairi husema mtoto hashiki namba kavu, hushika kinachoimbika. Wanaopinga hujibu kwamba anachoshika ni wimbo, namba hazimo. Wote wana hoja, ila hawazungumzii kazi moja.

Kazi ambayo shairi huifanya vizuri ni mpangilio wa maneno. Kumi na moja hadi kumi na tisa hujieleza zenyewe. Makumi ndiyo yenye shida: sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, lakini ishirini haina dalili ya mbili, wala hamsini haina dalili ya tano. Hapo hakuna mantiki ya kumwelekeza mtoto, ni kukariri tu, na ubeti wenye vina hukaririsha haraka kuliko chati ya ukutani.

Tatizo huanza mtoto anapohesabu vitu. Akishazoea kupiga makofi kwa kila mizani, yaani kila silabi, atagusa jiwe kwa kila mizani pia. Moja hadi kumi zote zina mizani mbili. Mpe mawe kumi: yatamwishia akiwa kwenye “no” ya tano, naye atakuambia mawe ni matano. Tiba yake ni mkono kushuka mara moja kwa kila neno, pale mkazo unapoangukia: MO-ja, MBI-li, TA-tu. Makofi ya mizani yabaki kwenye kipindi cha lugha.

Kutunga nako kuna mtego. Tazama ubeti huu wa mizani nane kwa kila mshororo:

Ndizi tano amenipa,
Tatu dada nimempa,
Ngapi zimebaki hapa?
Hesabu bila kukosa.

Ndizi zimechaguliwa kwa makusudi. Ukiweka maembe, “maembe sita kanipa” ni mizani nane, lakini “maembe matano kanipa” ni tisa, kwa sababu tano hudai kiambishi na sita haidai. Mwalimu aliyebanwa na mizani huishia kuandika “maembe tano”, akatengeneza hesabu na kuharibu sarufi. Kwa ndizi, unaweza kuweka nne hadi kumi kwenye mshororo wa kwanza bila kugusa kitu kingine. Kwenye wa pili, moja, mbili na nne zinaingia zilivyo. Na jibu lisiwemo kamwe ndani ya ubeti: likiwemo na kina chake, darasa zima litaitikia “mbili!” hata pale ulipobadilisha tano kuwa nane.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwaya. Watoto sitini wakiitikia pamoja, kumi wanaweza kuwa wanafuata midomo ya wenzao, na sauti nzuri humdanganya mwalimu. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walieleza mwaka 1978 kwamba kutaja namba kwa mpangilio ni kanuni moja tu kati ya kanuni tano za kuhesabu. Kujua kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vitu vyote ni kanuni nyingine, na hiyo haiji kwa kuimba. Maswali mawili humtambua aliyekariri: “Baada ya saba?” (atarudi kuanzia moja) na “Niletee vijiti saba” (ataleta konzi nzima).

Kwa hiyo sioni sababu ya kuliondoa shairi, ila dakika tano mwanzoni mwa kipindi zinatosha, vijiti vikiwa mezani tangu mshororo wa kwanza. Kisha ubeti unyamazishwe na mtoto mmoja mmoja aulizwe.

Kuanzia darasa la tatu mambo hugeuka, kwa kuwa sasa shairi lenyewe ndilo linalohesabiwa. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne, kila mmoja mizani nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili): 8 + 8 = 16, 16 × 4 = 64. Mpe mwanafunzi ubeti wenye mizani 63 atafute mshororo uliopungua. Mwalimu auhesabu kwanza mwenyewe, maana “m” ya mtu ni mizani kamili na ndiyo inayosahaulika zaidi.