Mwanya wa Bibi

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sendofu ya binti wa mama mdogo. Ukumbi mzima unashangilia mwali anaingia, mimi macho yamenasa mdomoni mwake. Mwanya haupo. Ule mwanya wa meno ya juu aliourithi kwa bibi yetu, uliosifiwa mtaani tangu yuko kidato cha pili, umezibwa. Sasa ana meno 10 yaliyolingana urefu na rangi, meupe kuliko weupe wa macho yake. Mama aliniinamia akanong'ona, "Huyu mtoto mwanya kaupeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Mdogo wangu simlaumu. Hasira yangu ni kwa aliyemsaga meno mazima. Baadaye aliniambia kwamba hakuna aliyemweleza kuwa ili vinia, yaani vile vifuniko vyembamba vinavyobandikwa mbele ya jino, zikae sawa, kwa kawaida daktari hupunguza tabaka gumu la juu la jino, mara nyingi karibu nusu milimita, na tabaka hilo likishaondoka halioti tena maisha yote. Ana miaka 25. Vinia za kauri zikitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15 hivi, kisha zinabadilishwa. Piga hesabu atarudi kwenye kile kiti mara ngapi, na kila mara kwa pesa ya nani.

Na aibu ya meno naijua. Nimekulia chini ya Mlima Meru, upande wa Maji ya Chai. Kwetu madini ya floraidi ya majini inapita mbali ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, na magadi tunayopikia yanaongezea. Mtoto anakunywa maji hayo meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Yakichomoza, yana mabaka ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Nilipofika chuo Dar es Salaam nilijifunza kucheka kiganja kikiwa mdomoni. Kwa hiyo anayesema watu waridhike na meno waliyopewa na Mungu, huyo hajawahi kuambiwa akapige mswaki dakika chache baada ya kuupiga. Vinia zina mahali pake, nakubali: jino lililokatika kwenye ajali ya bodaboda, mabaka yaliyozama sana. Hapo sina neno.

Ila daktari aliyenitibu mimi alianza na kidogo. Alisugua mabaka ya juujuu kwa dawa, akaacha, akaangalia. Yaliyobaki kwenye meno mawili ya mbele aliyafunika kwa kompoziti nyembamba, ile resini ngumu yenye rangi ya jino. Kabla ya hapo alinipa kioo na kile kipimo chenye vijino 16 vya rangi, nami nikaonyesha cheupe kuliko vyote. Akakataa. Akaniambia nitazame jino moja tu, nilitazame vizuri. Karibu na ufizi rangi imekolea, katikati inafifia, na kwenye ncha mwanga unapenya kidogo. Chonge kwa kawaida zimekolea kuliko meno ya mbele. Jino la kushoto halifanani kabisa na pacha wake wa kulia. Halafu akaniambia niseme "fimbo", "vumbi", "fungua", huku akiangalia ncha za meno ya juu zinavyogusa mdomo wa chini. Jino likiwa refu kupita kiasi, herufi hizo zinakwama.

Huo ndio ufundi wa meno ya kupendeza, na unachukua muda. Daktari anaweza kumwekea mtu umbo la majaribio juu ya meno yake kabla hajasaga chochote, na mtu huyo akazungumza nalo, akacheka nalo, akapiga picha. Mdogo wangu angejiona bila mwanya, na pengine angeulilia hapohapo, ukiwa bado upo. Hakupewa nafasi hiyo. Alionyeshwa picha ya tabasamu la mtu mwingine kwenye simu.

Zile dawa za kung'arisha meno zinazouzwa barabarani bila jina la mtengenezaji, msiziguse. Na wazazi wa kwetu Arumeru, chujio la mkaa wa mifupa linapunguza floraidi. Mtoto anahitaji maji yaliyochujwa hivyo tangu akiwa mdogo, kabla meno ya utu uzima hayajaota.

Mimi nilipotoka kutibiwa nilienda moja kwa moja nyumbani. Mama alinitazama muda mrefu pale mlangoni, akashindwa kujua ni nini kimebadilika. Akasema, "Mwanangu, umenawiri."