Isai Vellalar: Sheria Iliyomlinda Msichana Ikaifungia Ngoma Yake

Mwaka 1947 Madras, kusini mwa India, ilipitisha sheria ya kuzuia wasichana kuwekwa wakfu hekaluni kama devadasi, yaani watumishi wa miungu kwa ngoma na nyimbo. Sheria hiyo ilikwenda mbali zaidi: ilimharamishia mwanamke kucheza ndani ya hekalu au katika maandamano ya miungu. Ubishi kuhusu jamii ya Isai Vellalar unaanzia kwenye kifungu hicho cha pili.

Jamii hii ya Kitamil ilikuwa na pande mbili. Periya melam, kundi kubwa, ni wanaume wapiga zumari ya nadaswaram na ngoma ya tavil. Chinna melam, kundi dogo, ni devadasi, wanawake wacheza sadir, ngoma ya hekaluni, pamoja na walimu wao, nattuvanar. Devadasi hakuolewa; alikuwa na mlezi tajiri, na mali ilipita kwa mabinti.

Waliotaka sheria hawakuwa wageni wa jambo hili. Daktari Muthulakshmi Reddy mama yake alitoka katika ukoo wa devadasi, na Moovalur Ramamirtham naye aliyaishi maisha hayo. Hoja yao ni nzito: mtoto anafungwa maisha kabla hajajua kukataa. Isitoshe, sheria ya 1929 ilikwisha kuwaachia wanawake mashamba ya hekalu bila sharti la utumishi, kwa hiyo suala la riziki lilifikiriwa.

Wapinzani, akiwemo mwimbaji Bangalore Nagarathnamma, walilalamika kwamba wasanii wote wanatiwa kapu moja na makahaba. Naona walikuwa na haki. Ngoma yenyewe haikufa, ilihama nyumba: miaka ya 1930 sadir ikaitwa bharatanatyam, na Rukmini Devi, Mbrahmini wa tabaka la juu, akafundishwa na Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, kisha akaanzisha shule ya Kalakshetra mwaka 1936. Mwalimu alitoka katika jamii ile ile ambayo mabinti zake walikuwa wakifungiwa mlango. T. Balasaraswati alishikilia ngoma ya ukoo wake, lakini wa namna yake walibaki wachache mno.

Wanaume hawakuguswa. Nadaswaram, zumari ndefu ya mti wa acha, huchongwa kijijini Narasingapettai, aghalabu kwa mbao zilizotolewa kwenye nyumba kuukuu, maana mbao mbichi hupasuka zikikauka. Ina matundu saba ya vidole. Mengine ya chini huzibwa kwa nta kurekebisha sauti. Haina vibonyezo, hivyo nusu-sauti hutafutwa kwa pumzi, midomo na kuziba tundu kidogo tu. Utete ukilowa kupita kiasi hulegea, ndiyo maana tete za akiba huning'inizwa kwenye ala. Mpiga tavil huvaa kofia ngumu za kitambaa na gundi ya unga kwenye vidole vya mkono wa kulia, na kushika kijiti kwa kushoto. Bwana harusi anapofunga thali, kidani cha ndoa, shingoni mwa mkewe, tavil hupigwa kwa nguvu ili sauti yoyote ya nuksi isisikike. Kazi hiyo haikupigwa marufuku hata siku moja.

Jina Isai Vellalar nalo lina pande mbili. Isai ni muziki, Vellalar ni wakulima wenye heshima. Lilifuta tusi lililoandama koo hizi, na M. Karunanidhi, mtoto wa jamii hiyo, akawa waziri mkuu wa jimbo la Tamil Nadu mwaka 1969. Lakini jina hilo liliwaweka wote chini ya ukoo wa baba, na urithi wa bibi kwa binti ukakosa pa kusimama. Kifungu cha kukataza wakfu kilitosha kumlinda mtoto. Kile cha kukataza ngoma kiliwaadhibu wanawake wazima waliokuwa wameshajifunza kazi.