Akisahau namba, amesahau ushauri?

Mwanamke anatoka kwa mshauri wa masuala ya jeni kliniki; dada yake anamsubiri nje. "Wamesemaje?" "Wamesema nitapata saratani."

Sivyo alivyoambiwa. Ameambiwa ana hitilafu ya kurithi kwenye jeni iitwayo BRCA1, na kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, takriban 60 hadi 70 huugua saratani ya matiti maishani; kwa wanawake kwa jumla, katika nchi kama Marekani, ni kama 12. Hajafika hata getini, na uwezekano umeshageuka hukumu.

Wanaoona ushauri nasaha wa aina hii ni maji juu ya jiwe wana hoja. Mwaka 2003 mtaalamu wa kumbukumbu Roy Kessels aliandika kuwa mgonjwa husahau papo hapo kati ya asilimia 40 na 80 ya anayoambiwa na wahudumu wa afya, na karibu nusu ya anayodhani anayakumbuka si sahihi. Neno "saratani" likishatajwa, masikio yapo, akili imeshaondoka.

Upande wa pili unajibu: namba za nini? Mtu akijua kwamba hatari yake ni kubwa na kwamba matiti yake yapigwe picha ya MRI kila mwaka, kuna hasara gani akichanganya 65 na 70? Hapo naafikiana nao, ila si moja kwa moja. Mama yule hakupoteza namba tu; kiini chenyewe kimempotea. Anayeamini ataugua tu anaweza kukimbilia upasuaji ambao hajaupima vizuri, au asirudi kliniki kabisa.

Tena kuna jambo ambalo kiini hakitoshi. Ndugu zake, wa kiume pia (wengi hudhani jeni hii ni ya wanawake), wakitaka kupimwa, maabara itahitaji kujua hitilafu ile ile hasa, herufi kwa herufi. Hilo ni la kuandikwa kwenye barua. Kichwani halikai, wala halina haja ya kukaa.

Lakini barua huishia kabatini, na hata mazungumzo na mshauri yakirekodiwa, si kila mtu ana moyo wa kuyarudia. Mimi ningeanza na dakika mbili za mwisho, zile zinazoliwa na foleni, mshauri akiuliza: "Ukitoka hapa, dada yako akikuuliza tumesemaje, utamjibu nini?" Lile "nitapata" lingesikika mle mle ndani, mshauri angali kitini.