RMSD haiwezi kuwa hasi, acheni kuifunika

RMSD ni kipimo cha umbali wa wastani kati ya atomu za miundo miwili iliyolandanishwa: kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya tofauti. Nimetumiwa programu ya kulandanisha protini niipitie. Mambo yalikwenda vizuri hadi nikakuta mstari huu: ikiwa chini ya sifuri, iwe sifuri. Basi. Jumla ya miraba ya tofauti imetoka hasi, na mwandishi wa programu wala hakushtuka!

Hasi hiyo inatoka kwenye njia ya mkato tunayoijua sote. Huzungushi atomu hata moja: unachukua jumla ya miraba ya miundo yote miwili, unatoa mara mbili ya jumla ya thamani singula (namba zinazotoka kwenye SVD, yaani mchanganuo wa matriksi inayopatikana kwa kuzidisha miundo hiyo miwili), unagawa kwa idadi ya atomu, kisha kipeuo cha pili. Kwenye karatasi, safi kabisa. Kwenye kompyuta, kadiri miundo inavyofanana ndivyo namba hizo mbili kubwa zinavyokaribiana, tarakimu zinakufa, unabaki na makombo.

Tuseme atomu 2,000, kila moja angstromu 20 hivi kutoka kitovuni. Jumla ya pande mbili ni 1,600,000. Kwa biti 32, namba za ukubwa huo zinaruka kwa hatua ya 0.125. Gawa kwa 2,000, tafuta kipeuo: karibu 0.008. Yaani kati ya sifuri na angstromu 0.008 mashine haina jibu lolote, na hapo makosa ya kujumlisha hatujayagusa. Faili za PDB zenyewe, zinazohifadhi mahali pa atomu, zinaandika hadi angstromu 0.001. Halafu tunaletewa jedwali la RMSD lenye desimali nne. Hongereni.

Haya, biti 64 inatuliza mengi, nakubali. Na anayelinganisha mamilioni ya jozi kwa mbinu ya haraka ya Theobald ya 2005 ana sababu ya kukimbia. Lakini jozi inayokaribia sifuri irudiwe kwa mkono mrefu: zungusha, toa atomu kwa atomu, jumlisha miraba ya tofauti. Jumla hiyo haiwezi kuwa hasi hata ikitaka.

Mengine mnayajua. Hamishia kitovu cha kila muundo kwenye sifuri kabla ya kuzidisha chochote. Angalia alama (chanya au hasi) ya determinanti ya matriksi ya mzunguko, la sivyo utarudishiwa taswira ya kioo. Kabsch mwenyewe, mwenye mbinu hii ya kulandanisha, alilirudia suala hilo 1978, miaka miwili baada ya makala yake ya kwanza. Na usizidishe matriksi kwa transposi yake wakati SVD ipo, unapoteza nusu ya tarakimu bure. Anayepita njia hiyo ya transposi na kugawa kwa kipeuo cha thamani eigeni ya tatu, ile ndogo kuliko zote, bila kuikagua kama ni sifuri ajaribu benzeni, molekuli bapa, aone kinachorudi.